Goti Langu na Goti la Neema

Niliusikia mlio kabla sijasikia maumivu. Tak. Sauti ndogo tu, kama mtu amekanyaga kijiti kikavu shambani. Nilikuwa hewani, mikono juu, nimeshaudaka mpira wa pete mbele ya binti wa darasa la saba, nikijisifu moyoni kwamba miaka arobaini na moja si kitu. Nikatua kwa mguu wa kulia. Goti likaingia ndani, mguu ukabaki nje, nami nikawa chini kwenye nyasi zenye umande nikiangalia ukungu.

Naandika haya sasa kwa sababu natembea. Wakati ule nilipokuwa sitembei ningeandika matusi matupu. Kama unasoma huku mguu umeuweka juu ya mito, au kama wewe ni mzazi unayemwona mwanao anashuka ngazi kwa upande na unajiambia "atapoa", kaa nami kidogo. Mimi si daktari na sitakueleza kilichokatika kinaitwaje. Nitakueleza nilichokiona, maana jamani, nimeona mambo.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya msingi huku juu ya Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Watoto wananiita Madam Inuka. Walinipa jina hilo kwa sababu mtoto akianguka uwanjani, kabla hajafika chini vizuri nimeshapiga kelele: "Inuka!" Nilidhani ni sifa.

Siku ile ilikuwa Julai, walimu dhidi ya wasichana wa darasa la saba, mchezo tunaoucheza kila mwaka muhula wa pili ukianza. Julai kwetu baridi inaingia mpaka kwenye meno. Watoto wanapanda vijia vya kwenye migomba na kahawa, wengine nusu saa nzima, wanafika migongo inatoa mvuke. Halafu paredi. Mkuu wetu wa shule ni mtu mwema, ila akiishika paredi haiachii: wimbo, ukaguzi wa kucha, matangazo, nidhamu, kisha matangazo aliyoyasahau kwenye matangazo. Dakika arobaini tumesimama kwenye ukungu kimya. Kutoka hapo, uwanjani moja kwa moja. Mazoezi ya kupasha mwili? Nilikuwa na jibu langu, nalisema kwa majivuno hata mbele ya walimu wenzangu wa mjini: "Wenu wanakuja shule wamekaa kwenye gari. Wa kwetu wanapashwa na mlima." Wanacheka, nami nacheka.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia lote, dakika arobaini, na guu likaharibika vilevile.

Walinibeba kwenye benchi la darasa la kwanza mpaka barabarani. Hospitali walinipiga picha, wakaniambia mfupa ni mzima, kilichoachia ni kile kinachofunga goti ndani. Nikauliza swali moja tu: "Nitaruka tena?" Daktari, mama mmoja mpole, akafunga bandeji kwanza ndipo akajibu. "Mwalimu, tuanze na kutembea. Utafanya mazoezi miezi kadhaa. Goti likiendelea kukuangusha, tutazungumza habari ya kupasuliwa." Nikapewa magongo mawili na karatasi ya kwenda kliniki ya mazoezi tiba mjini.

Wiki tatu za kwanza sizitamani hata kwa adui. Goti lilivimba likawa kama boga, rangi zikapita juu yake, zambarau, kijani, manjano. Lakini lililonidhalilisha zaidi ni choo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na mimi sikuweza kukunja mguu. Mume wangu, Elibariki, alichukua kiti cha plastiki, akakikata tundu katikati kwa msumeno, akakisugua kingo zisinikate, akakiweka. Nilikaa pale nikalia kwa shukrani. Tumeoana miaka kumi na sita na hajawahi kuniletea ua, na sasa simdai ua.

Tuligombana pia, nisiseme uongo. Mama yangu mzazi, Mchagga wa Machame aliyeolewa huku Meru, alihamia kwetu na kopo la mafuta ya kondoo. Alitaka kulikanda goti kama alivyokanda magoti ya ukoo mzima. Kliniki walikuwa wamekataza kulikandakanda likiwa bado bichi. Mama akanuna siku mbili. Elibariki naye, amechoka kupika na kufua, akasema lile alilokuwa analitunza: "Una miaka arobaini na moja. Waachie vijana hiyo michezo." Nikamrushia kikombe. Kilikuwa cha bati, hakikuvunjika, na hakikumpata, lakini nyumba ilinyamaza mpaka jioni.

Siku bandeji ilipoondolewa nilizungushia paja la kulia kamba ya kiatu, nikafunga fundo, kisha nikaizungushia paja la kushoto. Fundo halikufika. Paja langu, lililonipandisha mlima huu tangu nikiwa mtoto wa shule, lilikuwa limekonda nusu ya kiganja kwa wiki tatu za kulala. Nilitishika, lakini pia nilishangaa mno. Mwili ulikuwa umechukua nyama yake kimyakimya, bila kuniuliza, kwa sababu mguu haufanyi kazi. Sikujua kama mwili unafuatilia mambo kiasi hicho.

Kliniki ilikuwa mjini, karibu na Ngarenaro, na benchi lake la kusubiria nalijua kuliko kiti changu cha ofisini. Unasikia mafundi wa gereji wanagonga mabati nje, na ndani tumekaa watu wa kila aina ya kuumia. Rafiki yangu wa benchi alikuwa mzee mmoja wa Kimasai kutoka Terrat, aliyepigwa teke na ng'ombe wake mwenyewe. Kila Jumanne namwamkia, "Shikamoo mzee, mguu unasemaje?" Naye ananijibu, "Marahaba mwanangu. Unasema niuze ng'ombe, ng'ombe anasema niuze mguu." Siku ambazo sikutaka kushuka mjini, nilishuka kwa ajili ya mzee yule.

Aliyenitibu alikuwa kijana anaitwa Lazaro, mwembamba, sauti ya chini. Siku ya kwanza bila magongo aliniambia, "Mwalimu, simama mguu mmoja." Nikacheka. Nikasimama kwa mguu wa kulia, nikaanguka ukutani. Nikajaribu tena, nikaanguka tena. Nikaanza kujitukana, akanizuia. "Mguu umesahau tu. Tutaufundisha." Nimefundisha miaka kumi na saba na sikujua kuwa mguu nao ni mwanafunzi. Unaketi naye, unamrudishia somo lile lile, kesho amesahau, keshokutwa amekumbuka kidogo.

Agosti na Septemba zikapita hivyo. Kusimama mguu mmoja nikipiga mswaki. Kuchuchumaa robo, kisha nusu, goti likitazama linakotazama dole gumba. Kutembea kwa upande kama kaa, watoto wa jirani wakinicheka kwenye ua. Mama alipoona mguu unarudi, akasamehe na kuwa msimamizi. "Goti linaingia ndani hilo! Nimeliona!" Ukali niliurithi wapi, usiniulize.

Mwanzoni mwa Oktoba, nikiwa nimening'inia kwenye ule mguu mmoja, Lazaro akauliza kama kuuliza saa, "Watoto wako wanapashaje mwili kabla ya kucheza?"

"Wa kwetu wanapashwa na mlima," nikasema, nikasubiri acheke.

Hakucheka. "Wakishafika juu?"

"Paredi."

"Muda gani?"

"Inategemea na mkuu."

"Mwalimu. Muda gani?"

"Dakika arobaini."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo wanapoa kabisa, ndipo unawarusha. Na hata wangekuwa bado wa moto, mlima unafundisha kupanda. Nani aliwafundisha kutua?"

Nimefundisha kuruka, kudaka, kutupa, kukimbia. Kutua sikuwahi kumfundisha mtoto hata mmoja. Nilidhani ardhi itafanya kazi hiyo yenyewe.

"Haya mazoezi unayofanya hapa," Lazaro akaendelea, "ndiyo hayo hayo ya kuwapasha watoto. Robo saa tu. Wakimbie polepole, wachuchumae, wasimame mguu mmoja, waruke na kutua. Hayatazuia kila kitu, ila yanasaidia sana. Siku ile ulipoumia, ulisikia mlio?"

"Nilisikia. Kama kijiti kikavu."

Nilipolitamka hilo, nikakumbuka. Kijiti kile nilikuwa nimeshakisikia. Julai ya mwaka uliotangulia, uwanja ule ule, ukungu ule ule, baada ya paredi ndefu ile ile. Neema wa darasa la tano, mrukaji wangu bora, aliruka kudaka mpira, akatua, nikasikia tak. Nikadhani amekanyaga kijiti. Naye amelala chini ameshika goti, nikampigia kelele mbele ya wenzake wote: "Inuka! Acha kudeka!" Akainuka. Akarukaruka kwa mguu mmoja mpaka pembeni. Baadaye mama yake alileta taarifa kuwa goti linavimba, nikamwandika kwenye orodha ya wasiocheza, nikamsahau. Mwaka mzima nilimwona ameketi kwenye ngazi za stoo wakati wenzake wanacheza, nikasema moyoni, yule amekuwa mvivu.

Nilimweleza mama usiku ule ule, kwa sababu sikuweza kula. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini mguu uliota tende haukuwa wangu mimi niliyeudharau.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Kwetu Machame mtu akikosa sana anapeleka isale," akasema. Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda kwenye mipaka ya mashamba, na ukimpelekea mtu jani lake lililofungwa fundo, unaomba msamaha, na ni vigumu sana yeye kukukatalia.

"Mama, yule ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Mwalimu hampelekei mwanafunzi isale."

"Ulipomtukana ulimtukana mtu mzima?"

Jumamosi tukaenda, mimi, Elibariki na jani langu. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na kijia cha kwenda kwa kina Neema kimesimama kama ukuta, utelezi mtupu. Niliijua njia ile kuwa ya dakika kumi. Na fimbo yangu, na Elibariki amenishika kiwiko, tulitumia karibu saa nzima. Katikati nilikaa kwenye shina la mgomba nikashindwa kwenda mbele. Si goti lililonishinda. Nilikuwa nawaza kwamba mtoto yule aliishuka njia hii kwa mguu mmoja, peke yake, na neno langu mgongoni. Elibariki akanipa kitambaa chake. "Inuka mama," akasema kwa upole. "Tumekaribia."

Tulimkuta Neema anakatakata mgomba wa kulisha ng'ombe. "Shikamoo Madam," akasema, macho chini. Mama yake akatoka na viti, na alipoona jani mkononi mwangu akanyoosha mkono alipokee yeye. Nikamwambia, "Samahani mama Neema, ni la binti."

"Mwalimu! Kwa mtoto?" Akakaa.

Neema akalitazama jani muda mrefu. "Ulisema nadeka."

"Nilisema."

"Sikuwa nadeka."

"Hukuwa unadeka. Goti lako lilikuwa limeumia na mimi niliusikia mlio wake. Nilikukosea, Neema. Nisamehe."

"Nikipokea, itabidi nicheze?"

"Hapana. Hata usipogusa mpira tena maisha yako."

Akafuta mikono kwenye sketi, akalipokea. Kisha akaangalia magoti yangu yaliyojaa tope. "Madam, na wewe unashuka kwa upande siku hizi. Pale kwenye jiwe kubwa shuka kinyumenyume. Haiumi sana hivyo." Nilikuja kutoa, nikaondoka nimepewa.

Wiki iliyofuata mama yake alimpeleka mjini, tukakaa wote kwenye benchi, na mzee wa Terrat akamwambia Neema amtunzie ng'ombe mwenye mateke kwa kuwa yeye ni kijana. Lazaro alimpima, akasema goti lake lilivutika lakini halikukatika lote kama langu, linashika vizuri, ila mguu mzima umejaa woga. "Fundisheni miguu yenu pamoja," akasema.

Basi tukawa wawili kwenye ngazi za stoo. Januari, jua kali, tunachuchumaa. Machi, mvua za masika, uwanja ni tope, tunasimama mguu mmoja barazani. Wasiocheza wengine wakaungana nasi, mwenye pumu, mwenye kidonda, mvivu halisi mmoja. Lazaro alinipa kanuni moja ya kutua: ukitua, nisikusikie. Watoto hawakuielewa mpaka nilipowaambia, "Tua kama unaingia kanisani umechelewa na mchungaji ameshaanza kuomba." Hapo walielewa wote, wengi wana uzoefu.

Kuruka kwangu mwenyewe kulikuja Mei, kule kliniki. Lazaro akachora mstari kwa chaki. Nilisimama mbele yake, aibu kwa mtu mzima kuogopa mstari. Nikaruka. Kwa muda mfupi nilikuwa hewani tena, mimi na nyama yangu mpya, kisha goti likakunjika likanipokea. Likanipokea, ee Mungu wangu. Kitu kilichokatika ndani yangu hakikurudi, Lazaro alinieleza hivyo bila kunificha, lakini misuli ilikuwa imejifunza kufanya kazi ya ndugu yao aliyeondoka. Nilipiga magoti pale pale, yote mawili, kwa sababu sasa niliweza.

Sasa paredi. Nilimwomba mkuu aifupishe. Akasema paredi ni paredi, ipo tangu yeye akiwa darasa la kwanza. Nikamwomba basi robo saa ya kupasha mwili baada yake, kwa kila kipindi cha michezo. Hiyo akakubali. Kisha nikaomba jambo la mwisho, kwamba wakati wa matangazo watoto wasimame kwa mguu mmoja, wakibadilisha kila akigeuza karatasi. Alinitazama kama nimeumia na kichwa. "Wasipige kelele," akasema hatimaye.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa vicheko na kuangukiana. Wiki ya tatu, Juni, nilikuja nimechelewa, nikasimama getini. Watoto mia tatu na kitu, kwenye ukungu, kila mmoja juu ya mguu mmoja, kimya, wakisikiliza habari ya michango ya mahindi. Niliona vifundo vyao vikitetemeka, vikijirekebisha, vikitafuta, vikipata. Mtoto wa darasa la kwanza ametoa ulimi kwa bidii. Kila mwili mdogo pale ulikuwa unajifunza jambo ambalo hautajua kamwe kwamba umelijua. Na nyuma ya meza ya matangazo, haki ya Mungu sisemi uongo, kiatu kimoja cha mkuu kilikuwa kimeondoka ardhini.

Julai ikafika. Walimu dhidi ya darasa la saba, na Neema sasa yuko darasa la saba. Sikumwambia neno. Yeye mwenyewe alikuja na jezi, akaingia kwenye mstari, akafanya mazoezi yote ya kupasha mwili na wenzake, polepole, bila kuniangalia. Mimi nilikuwa refa. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba goli la upande wa pili silioni.

Karibu na mwisho mpira ulirushwa juu upande wetu, mrefu mno. Mwalimu wa hisabati akaruka, na nyuma yake nikaona mikono miwili myembamba inapanda, inapanda zaidi, inaudaka juu ya mikono yake. Neema alikuwa hewani. Filimbi ikanidondoka mdomoni. Nikafumba macho na kutega sikio, mwili wote umekuwa sikio, nikisubiri kile kijiti.

Sikusikia kitu.

Nilipofumbua, amesimama kwa miguu miwili, magoti yamekunjika yanatazama mbele, mpira kifuani. Alikuwa ametua na hata nyasi hazikusema. Nikajikuta nimekaa chini kwenye umande, refa mzima, nalia mbele ya shule nzima.

Neema akatoa pasi, akanipita mbio, akarudi hatua mbili. Akanipa mkono.

"Inuka, Madam," akasema.